Rubongi, Kiunga cha Tororo

Niliwapa wanafunzi wangu insha ambayo karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki ameiandika angalau mara moja: faida na hasara za kuishi katika mji mdogo. Msichana mmoja wa Rubongi, ambaye huja shuleni Tororo kwa baiskeli kila asubuhi, aliinua mkono kabla hajaandika neno lolote.

“Mwalimu,” akauliza, “kwetu ni mji au ni kijiji? Nikisimama uani naliona Jabali la Tororo. Usiku nasikia malori ya mpakani Malaba. Lakini baba analima mihogo, na karatasi za serikali zinasema sisi ni gombolola. Niandike nini?”

Sikuwa na jibu. Nikamwambia afuate swali lilivyoandikwa, naye akafuata, kwa kuwa ni mtoto mtiifu. Mimi nikarudi nyumbani na deni. Makala haya ni malipo ya deni hilo.

Faida na hasara ni maneno ya dukani. Yote mawili tumeyapata kwa Kiarabu, yakaja pamoja na daftari la mfanyabiashara: upande huu kilichoingia, upande ule kilichopotea, na mstari katikati. Ndivyo tunavyowafundisha watoto kupanga insha. Nimejaribu kuipanga Rubongi kwa mstari huo na maneno yenyewe yakakataa. Kila nililoliweka upande wa faida, nililikuta limenyoosha mguu hadi upande wa hasara.

Mji, jiji, kijiji

Tuanze na neno mama. Mji ni neno la Kibantu la kale. Wachewa husema *mudzi*, Wazulu husema *umuzi*, na kwao ni boma la familia au kijiji cha ukoo. Waswahili wa pwani walijenga miji ya mawe, wakalipa neno hilohilo kazi kubwa zaidi, kisha wakalikuza na kulidogosha kwa sarufi: jiji juu, kijiji chini. Ile *-ji-* ya katikati ya kijiji ni nguzo ya kulishika shina fupi, kama tunavyoiona katika kijiti na kijito. Kwa hiyo jiji na kijiji ni ndugu wa tumbo moja. Na tumbo lenyewe limo humo, kwa kuwa wazee wetu waliita mfuko wa uzazi “mji wa mimba”. Mji, katika maana hiyo ya ndani kabisa, ni mahali panapokulea kabla hujatoka.

Sheria huja na mizani nyingine. Tanzania ina mamlaka ya mji mdogo, halmashauri ya mji, manispaa na jiji, kila moja na ngazi yake. Uganda nayo ilizipandisha Mbale, Jinja, Gulu, Mbarara na nyingine kuwa majiji mwaka 2020. Tororo ikabaki manispaa. Sensa ya mwaka 2014 iliikuta na wakazi takribani 42,000, ilhali Busia ya upande wa Uganda, ambayo Tororo huiona kama mdogo wake, ilikuwa na takribani 56,000. Hadhi na ukubwa, basi, havitembei pamoja.

Lakini sijawahi kumsikia mtu wa Rubongi akisema anakwenda manispaa, isipokuwa anakwenda kulipa ushuru. Vijana husema wanakwenda “taun”. Neno hilo tukiliandika kwa kanuni zetu linakuwa tauni, ule ugonjwa wa kuambukiza ulioua watu wengi zamani, kwa hiyo kamusi haiwezi kulipokea. Tumebaki na “mji mdogo”, nomino iliyobebeshwa kivumishi. Jina la namna hiyo linakupimia mahali bila kukuonyesha maisha ya hapo.

Kitongoji na pembezoni

Waandishi wa magazeti wakitaka kutaja mahali kama Rubongi hukimbilia kitongoji. Neno hilo halina makazi ya kudumu. Tanzania, katika mfumo wa serikali za mitaa, kitongoji ni sehemu ya kijiji, nacho kina mwenyekiti wake. Kenya limezoeleka kwa mitaa iliyo kando ya miji, na likiongezewa “duni” linakuwa mtaa wa mabanda. Msomaji wa Dodoma na msomaji wa Nairobi wakisoma sentensi moja wanaona picha mbili tofauti. Kata nayo ina shida hiyo: Tanzania ina diwani, Kenya ina chifu.

Sisi wa upande huu tuna maneno mengine kabisa. Saza, gombolola na muluka, ngazi za utawala kutoka kubwa hadi ndogo, ni maneno ya Buganda. Yalifika huku mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu na watu wake, walipoanza kutawala kwa mfumo wa Kiganda watu ambao hawakuwa Waganda. Wajopadhola, wenyeji wa Rubongi, ni Waluo. Lugha yao ni Dhopadhola, na *dho* maana yake ni kinywa. Jina la serikali la nyumbani kwao halikutoka katika kinywa chao.

Kisha kuna “pembezoni”. Neno hili lina pembe ndani yake, na pembe ni ncha, mahali kitu kinapoishia. Ukisema mtu anaishi pembezoni umekwisha kuamua kwamba kitovu kiko kwingine. Kampala iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Tororo. Kwa mama anayeuza nyanya na dagaa kando ya barabara ya Rubongi, aliyepata bidhaa Busia na wateja hapo hapo alipo, Kampala ndiyo iliyo pembeni. Siwezi kumwita mtu wa pembezoni ilhali amesimama katikati ya maisha yake.

Neno linalouma kuliko yote ni shamba. Lenyewe ni neno zuri, lina jasho na chakula. Tulipolipa kiambishi cha mtu likawa mshamba, na hapo tukamtukana anayetulisha. Mkazi wa Rubongi analima asubuhi na kushona nguo mjini mchana. Kipimo cha “mtu wa mji” na “mtu wa shamba” kinamkata vipande viwili, naye ni mmoja.

Kujuana

Sasa tuingie ndani ya insha. Mwanafunzi yeyote wa huku ukimwuliza faida ya kwanza ya mji mdogo atasema: watu wanajuana.

Ni kweli. Mwenye duka ana daftari, na jina lako limo. Mwezi ukiwa mbaya unachukua sukari na sabuni, unalipa ukipata. Mtoto akipita njia isiyo yake saa za masomo, mtu mzima yeyote atamwuliza anakwenda wapi, na jioni mama yake atakuwa na habari. Usiku ukiuguliwa, unagonga mlango wa jirani bila kueleza wewe ni nani.

Lakini mwulize kijana aliyemaliza chuo kwa nini hajapata kazi. Atakujibu kwa neno lilelile: “Ni kujuana tu.” Katika Kiswahili cha mtaani, Kenya na kwetu, kujuana ni upendeleo, ni mlango unaofunguliwa kwa ndugu wa mkubwa. Na mwulize mwanamke aliyeachika, au kijana aliyebadilisha dini, kujuana kuna uzito gani. Macho yaliyomlinda akiwa mtoto ndiyo hayohayo yanayomfuata sasa hadi kisimani.

Nilitafuta maneno mawili ya kuyatenganisha haya, moja la ujirani mwema na jingine la upendeleo na umbeya. Maneno yapo, nimeyaandika hivi punde. Hata hivyo watu wanaoishi maisha haya wamechagua neno moja kwa yote, nami naona wamesema kweli. Kitendo ni kimoja. Anayekukopesha kwa kuwa anakujua, atamwajiri mpwa wake kwa kuwa anamjua.

Mpaka

Neno la pili lenye sura mbili ni mpaka. Ni nomino, mstari wa kutenganisha. Ni kihusishi pia, cha kufikisha: kutoka Tororo mpaka Busia, kutoka asubuhi mpaka jioni. Neno linalozuia ndilo linalosindikiza.

Historia yetu imeishi maana zote mbili. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hadi wakati huo Uganda ilifika Kisumu na kuipita, hadi Naivasha. Mwaka 1926 mstari ukathibitishwa upya kwa amri ya London. Waiteso wakajikuta wako Tororo na wako ng'ambo, katika sehemu ambazo leo ni Teso Kaskazini na Teso Kusini za Kaunti ya Busia. Wasamia nao wakagawanywa vivyo hivyo. Busia ikawa mji mmoja wenye serikali mbili.

Maneno ya pwani yakaja kufanya kazi mbali na maji. Forodha, ambayo Unguja ilikuwa mahali pa jahazi kutia nanga na kutozwa ushuru, ikahamia Busia na Malaba, kwenye foleni ya malori. Magendo likawa neno la kila siku Uganda katika miaka ya 1970, kahawa ilipokuwa ikivushwa gizani kwenda kuuzwa Kenya. “Njia za panya” zikapata jina, na bado zipo. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi mbili walizindua kituo cha Busia ambapo msafiri hugongewa mihuri yote miwili chini ya paa moja. Kiswahili rasmi kinakiita Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Jina ni refu, lakini nalipenda kwa sababu ya neno *pamoja*.

Faida ya kuishi karibu na mstari huo unaisikia sokoni. Samaki mdogo wa Ziwa Victoria ana majina matatu kwenye meza moja: *mukene* kwa Mganda, *omena* kwa Mjaluo wa Kenya, dagaa kwa Mswahili. Muuzaji hujibu kwa neno alilotumia mteja. Ugali wetu unaitwa posho. Mtanzania husikia posho akadhani tunazungumzia malipo ya mkutano, na sote wawili tuko sahihi, kwa kuwa posho ilikuwa kwanza riziki ya kupimiwa, ile waliyogawiwa wapagazi, askari na vibarua. Unga wa mahindi ukarithi jina la mgao. Mtoto anayekulia hapa hufika miaka kumi akiwa na lugha tatu au nne bila kufundishwa. Majiji makubwa hulipia elimu ya namna hiyo.

Hasara nayo iko papo hapo. Anayevuka kila siku na beseni la nyanya anaweza kuamka akute sheria imebadilika upande mmoja, na mtaji wake wote umo ndani ya beseni.

Umeme, rufaa, kutoka

Kuna maneno matatu zaidi ambayo insha haiwezi kuyapita.

Umeme. Tororo inajulikana duniani kwa ngurumo: kati ya mwaka 1967 na 1976 ilihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Kiswahili kinaita umeme ule wa mawingu na ule wa nyaya kwa jina moja. Wa mawingu tunao kuliko miji mingi ya ulimwengu. Wa nyaya hufuata barabara kubwa kwanza, na nyumba za ndani huungoja.

Rufaa. Shina lake la Kiarabu ni kuinua. Mahakamani rufaa huinua kesi, hospitalini huinua mgonjwa kwenda ngazi ya juu. Tororo ina hospitali, lakini ugonjwa ukizidi, rufaa ni Mbale, umbali wa kilomita arobaini na kitu. Neno linasema kuinuliwa. Mwili wa mgonjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari unasema jambo jingine. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hakuna mahali ambapo methali hiyo ina uzito kama katika mji mdogo wakati wa usiku. Hii ndiyo hasara ninayoiandika kwa wino mzito kuliko zote, kwa kuwa haina upande wa pili wa kuifidia.

Kutoka. Vijana wa Afrika Mashariki husema mtu “ametoka” wakimaanisha amefanikiwa. “Kutoka kimaisha” ni kupata. Sikiliza neno hilo ukiwa Rubongi: kufanikiwa ni kuondoka. Lugha imekwisha kumfundisha mtoto, kabla mwalimu hajafika, kwamba anayebaki ameshindwa. Kila mwaka tunawasindikiza walio hodari hadi kituo cha basi na kuwaombea watoke, kisha tunashangaa kwamba mji haukui. Nimeacha kulitumia neno hili kwa maana hiyo mbele ya wanafunzi wangu. Nasema amefanikiwa, na mara nyingi namtaja aliyefanikiwa akiwa hapa hapa.

Boda

Atakayesema miji midogo haina la kuipa dunia, apande pikipiki.

Mpakani Busia, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda, palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mwenye mizigo. Basi lilikushusha upande mmoja, ukatakiwa kufika upande wa pili kwa miguu. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli wakatia mto kwenye kiti cha nyuma na kuita abiria: “Boda! Boda!” Kutoka boda hadi boda. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi kuhusu asili ya bodaboda, na jina lenyewe linayashuhudia. Baiskeli ikawa pikipiki, neno likafika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, na leo kijana wa Mtwara anaitwa bodaboda bila kujua kwamba anabeba jina la mpaka wetu mgongoni.

Tazama neno lilivyofanyiwa kazi. Kiingereza kilileta neno la kuzuia. Vijana wa mpakani wakalirudia mara mbili, kama Kiswahili kinavyopenda kufanya, likawa neno la kuvusha. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi. Walioketi ni abiria.

Kiunga

Basi nimjibu mwanafunzi wangu.

Kiswahili kina neno ambalo tumelisahau likiwa hai. Kamusi za zamani zinaeleza kiunga kuwa bustani ya miti ya matunda, na pia sehemu iliyo nje kidogo ya mji, palipo na mashamba na nyumba. Unguja palikuwa na Kiungani, nje ya Mji Mkongwe, ambapo wamisheni wa Kianglikana walikuwa na chuo katika karne ya 19. Kaunti ya Lamu ina Kiunga, mji mdogo jirani na mpaka wa Somalia. Magazeti bado huandika “viungani mwa jiji”, lakini yanalitumia kama kielezi cha mbali tu, na umoja wake hausikiki.

Ninalitaka neno hili kwa sababu mbili. Kwanza, lina miti ndani yake. Halimlazimishi mtu achague kati ya jembe na cherehani. Rubongi ina mihogo, maembe, maduka, kambi ya jeshi na barabara, na kiunga hukubali vyote. Pili, sikio la Mswahili husikia humo kitenzi kuunga. Kiunga kiko karibu na kiungo, na kiungo ni goti, ni kiwiko, ni mdalasini katika pilau: kitu kidogo ambacho bila hicho vikubwa havishikani.

Na mahali hapa ndivyo palivyo. Reli inayotoka Kenya huingia Malaba, ikifika Tororo inagawanyika, tawi moja kwenda Jinja na Kampala, jingine kwenda Mbale, Soroti, Lira na Gulu. Tororo hutengeneza saruji, neno lililotoka kwa Waajemi, kitu kinachoshikanisha mawe ya nyumba za Uganda nzima. Busia hushikanisha nchi mbili kila asubuhi. Mji wa namna hii ukiuita wa pembezoni umekosea jiografia na umekosea lugha.

Nina sababu nyingine ya kulisisitiza jambo hili kwa Kiswahili, na si kwa lugha nyingine. Kwa raia wengi wa Uganda wa umri wangu, Kiswahili kilikuja kwa sauti ya amri. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, lakini watu walikwisha kukijua kwenye vizuizi vya barabarani: simama, lala chini. Miaka ya 1980 maneno mawili ya kawaida kabisa, “panda gari”, yaligeuka jina la misako iliyowachukua watu wengi. Rubongi iko kando ya kambi, nasi tunajua *afande* ni neno lenye uzito gani. Lugha iliyowahi kuwaamuru watu ina wajibu wa kujifunza kuyataja makazi yao kwa heshima.

Nafasi ipo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Shule hizo zinahitaji vitabu, na katika kila kitabu kutakuwa na sura ya mazingira yetu. Nawaomba wanaoviandika, na nawaomba wanaistilahi wa BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, na wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki: kitongoji kibaki na kazi yake ya kiserikali, manispaa ibaki kwenye stakabadhi, na mahali kama Rubongi paitwe kiunga. Pembezoni tuliache mezani, pale sahani inapokaribia kuanguka.

Kuhusu faida na hasara, nitamwambia msichana wangu asichore mstari katikati ya ukurasa. Aandike maneno yenyewe moja moja, kujuana, mpaka, umeme, rufaa, kutoka, na chini ya kila moja aeleze linavyompa na linavyomnyima. Atakapofika kwenye rufaa aandike bila kulainisha kwamba kiunga kinastahili hospitali inayotosha. Na sentensi yake ya kwanza iwe hii: Kwetu ni Rubongi, kiunga cha Tororo.